Kovu la Moyo Nalo Lina Umeme

Mwanafunzi yeyote wa uganga hapa Mtwara ukimuuliza umeme wa moyo unapita wapi, atakujibu bila kusita. Unaanzia kwenye kifundo kidogo kilicho juu ya chemba ya kulia, unashuka hadi kifundo cha kati, unaingia fungu la His, kisha nyuzi za Purkinje zinausambaza mpaka misuli yote ijikaze. Jibu hilo ni sahihi na kwenye mtihani linampa maksi zote. Lakini mweke mbele ya mgonjwa aliyetoka Tandahimba na moyo uliopanuka kwa presha ya miaka mingi, mapigo yake hayana mpangilio, na hapo jibu lake linamfikisha nusu ya njia. Ndani ya moyo ule njia za umeme alizozikariri bado zipo. Kilichobadilika mno ni seli ambazo kitabu chake kilizitaja kwa sentensi moja, kana kwamba zimewekwa pale kujaza nafasi.

Nafundisha fiziolojia, na jambo hili linaniumiza kwa sababu tunaendelea kulifundisha nusunusu. Seli za tishu unganishi zina mkono katika umeme wa moyo, na kwa mikoa ya Lindi na Mtwara mkono huo si habari ya maabara za mbali. Makovu yaliyo kwenye mioyo ya watu wetu yanatokana zaidi na magonjwa ambayo yanaweza kuwahiwa kwa dawa za bei ndogo. Atakayeelewa kovu linavyouvuruga umeme ataelewa pia kwa nini kuchelewa kuanza dawa ya presha ni kuchelewa kuutibu moyo wenyewe.

Tuanze na hizo seli. Kwa ujazo moyo ni misuli, kiasi cha robo tatu ya ukuta wake. Kwa idadi mambo yanageuka, maana seli za misuli ni kubwa na chache, na zilizobaki ni ndogo na nyingi. Kati ya hizo ndogo zimo faibroblasti, seli za tishu unganishi zinazotengeneza kolajeni, protini ngumu ya nyuzinyuzi, na kuishikilia misuli ikae kwa mpangilio. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ndizo zinazoongoza kwa wingi moyoni. Mwaka 2016 Alexander Pinto na wenzake walihesabu upya katika mioyo ya panya na ya binadamu, wakakuta zaidi ya asilimia 60 ya seli zisizo za misuli ni zile zinazotandika ndani ya mishipa ya damu, na faibroblasti hazifiki hata asilimia 20. Nataka marekebisho hayo yajulikane, kwa sababu bado wapo wanaotetea umuhimu wa faibroblasti kwa hoja ya wingi wao, na hoja hiyo imekwisha kuvunjika. Uzito wao unatokana na mahali zinapokaa na zinavyobadilika zikichokozwa.

Seli ya misuli ya moyo ikiwa imepumzika, ndani yake kuna umeme hasi wa kiasi cha milivolti 80 hadi 90 ukilinganisha na nje. Ishara ikiifikia, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, na kwa muda mfupi sana hasi inageuka chanya. Umeme unavuka kwenda kwa seli ya jirani kupitia vijia vidogo vilivyojengwa kwa protini iitwayo koneksini, hasa koneksini 43. Katika misuli ya chemba za chini mwendo wake ni kama nusu mita kwa sekunde. Katika nyuzi za Purkinje ni mita 2 hadi 4.

Faibroblasti haiwaki hivyo. Umeme wake wa kupumzika, kwa vipimo vingi vya maabara, ni hasi 20 hadi 40 tu, na ukiichokoza haitoi mpigo. Kwa sababu hiyo wanafiziolojia wa zamani waliiona haina la kusema katika umeme. Walichokiacha ni kwamba faibroblasti nayo inaweza kutengeneza koneksini. Seli mbili zenye umeme tofauti zikiunganishwa kwa kijia kilicho wazi, chaji zitahama tu, hata kama mmoja wa majirani hao hajui kuwaka. Seli ya misuli inasogezwa kidogo kuelekea kwa faibroblasti, nayo faibroblasti inavutwa kila misuli inapowaka.

Kabla ya kuzilaumu, tuzitendee haki. Katikati ya chemba za juu na za chini za moyo kuna pazia la kolajeni lisilopitisha umeme. Njia halali ya kulivuka ni moja, kifundo cha kati na lile fungu ambalo Wilhelm His alilieleza mwaka 1893. Ndani ya kifundo hicho umeme unapunguza mwendo hadi kama sentimita 5 kwa sekunde, na ucheleweshaji huo ndio unaozipa chemba za juu nafasi ya kumimina damu kabla za chini hazijajikaza. Wapo watu wanaozaliwa na pazia lenye mwanya, uzi mmoja wa misuli umepenya, na umeme unachukua njia ya mkato. Wolff, Parkinson na White waliueleza ugonjwa huo mwaka 1930. Kijana mzima kabisa anashtukia moyo unakwenda mbio bila sababu, kisa ni mahali padogo ambapo tishu unganishi haikukamilisha kazi yake.

Kifundo cha juu chenyewe, kinachoanzisha kila pigo, kimejaa faibroblasti na kolajeni hata kwa mtu mwenye afya. Kimezungukwa na misuli mingi ambayo umeme wake wa kupumzika ni hasi zaidi ya wake. Kama kingeunganishwa na misuli hiyo kila upande, kingelemewa na kushindwa kuwasha pigo. Kolajeni inakitenga kiasi cha kukiwezesha kufanya kazi, na inakiachia milango michache ya kutolea ishara.

Kisha kuna suala la jeraha. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia kaboni-14 iliyosambaa duniani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kukadiria umri wa seli za moyo. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha kiasi cha asilimia 1 tu ya seli zake za misuli ya moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 hafikishi hata nusu ya hiyo. Misuli ya moyo ikifa, pengo halizibwi na misuli mipya. Linazibwa na kovu, na bila kovu ukuta ungepasuka. Panya walioondolewa uwezo wa kujenga kovu imara huishia hivyo. Kwa hiyo anayedhani dawa ya tatizo hili ni kuzizima faibroblasti zote hajaufikiria moyo vizuri.

Tatizo linaanza pale kichokozi kisipoondoka. Presha ya juu inauvuta ukuta wa moyo kila pigo, mwaka baada ya mwaka, na faibroblasti zinauhisi mvuto huo. Angiotensini, homoni ile ile inayobana mishipa na kupandisha presha, inazisukuma. Kemikali nyingine iitwayo TGF-beta inazigeuza tabia. Zinakuwa mayofaibroblasti, yaani seli zilizojaa nyuzi za aktini, zenye nguvu ya kuvuta, zinazomwaga kolajeni kuliko mahitaji. Katika kidonda cha ngozi seli hizi hufanya kazi yake kisha zikafa. Moyoni hazina haraka ya kuondoka; zimekutwa zikiwa hai ndani ya makovu miaka mingi baada ya jeraha.

Sasa umeme unaharibikaje? Sehemu ya kwanza ya jibu ni njia. Kolajeni haipitishi umeme, na inapojipenyeza katikati ya mafungu ya misuli inakata viungo vya ubavuni na kuacha vya urefu. Madison Spach wa Chuo Kikuu cha Duke alilionyesha hilo miaka ya 1980 katika misuli ya chemba za juu za watu wenye umri mkubwa: kwa urefu wa nyuzi umeme ulisafiri vizuri, kwa upana ulikwama na kutafuta upenyo. Mwaka 1993 Jacques de Bakker na wenzake wa Amsterdam waliufuatilia umeme katika vipande vya mioyo ya binadamu vyenye makovu, wakaukuta unapita kwa kupindapinda, kushoto na kulia, ukizunguka kila kizuizi. Misuli iliyosalia ilikuwa na umeme wake wa kawaida au karibu na kawaida. Mwendo ulichelewa kwa sababu ya urefu wa mzunguko.

Watu wa huku hawahitaji maelezo marefu ya jambo hilo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya pwani pale Somanga, gari lilikuwa zima, dereva mzima, mafuta yapo, lakini aliyetaka kufika Dar es Salaam alilazimika kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea. Ndani ya moyo mzunguko wa namna hiyo una hatari ya ziada. Umeme uliochelewa ukitokea upande wa pili wa kovu unaweza kuikuta misuli iliyowaka mwanzo imeshapumzika na iko tayari kuwaka tena. Unaiwasha, unaingia tena kwenye njia ya mzunguko, unarudi kuiwasha kwa mara nyingine, na kifundo cha juu hakina tena mamlaka. George Mines wa Cambridge alilithibitisha jambo hili mwaka 1913 kwa pete za misuli ya moyo wa wanyama: ishara moja iliyoanzishwa kwa ustadi iliendelea kuzunguka yenyewe. Alitaja masharti mawili, mwendo wa polepole na muda mfupi wa kupumzika. Kovu linatimiza sharti la kwanza.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo yenye ubishi. Je, faibroblasti zinaingilia umeme zenyewe, kwa kuunganishwa moja kwa moja na misuli, mbali na kolajeni zinayoimwaga? Stephan Rohr na wenzake wa Bern, Uswisi, walifanya majaribio mazuri mno kwenye seli za panya wachanga zilizooteshwa maabara. Mwaka 2003 walionyesha kwamba faibroblasti zinaweza kuwa daraja: umeme ulivuka pengo lisilo na misuli hadi la kiasi cha milimita 0.3, kwa kuchelewa sana, lakini ulivuka. Mwaka 2006 walipaka mayofaibroblasti juu ya nyuzi za misuli kwa viwango tofauti. Zikiwa chache, mwendo uliongezeka kidogo. Zilipozidi, mwendo ulishuka. Mwaka 2007 wakaonyesha zikiwa nyingi vya kutosha misuli inaanza kudunda yenyewe bila kuamriwa.

Matokeo hayo matatu yanaweza kuonekana yanapingana, kumbe chanzo ni kimoja. Faibroblasti inaipandisha seli ya misuli kutoka kwenye hasi yake ya kawaida. Ikipanda kidogo, inakaribia kiwango cha kuwaka, hivyo inawashwa kwa urahisi. Ikipanda zaidi, sehemu ya milango ya sodiamu inajifunga na kubaki imefungwa, na mpigo unaokuja unakuwa dhaifu na wa polepole. Ikipandishwa mfululizo, inafika kwenye kiwango cha kuwaka bila kusubiri ishara. Hili ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alielewe kabla ya kukariri jina la dawa yoyote ya mapigo.

Hata hivyo seli za kuoteshwa maabara zinakaa tabaka moja, na faibroblasti ikiwekwa kwenye sahani ngumu hugeuka mayofaibroblasti upesi mno. Waliokataa kuyahamishia matokeo hayo kwenye moyo wa mtu aliye hai walikuwa na haki. Ushahidi uliopunguza ubishi ulikuja mwaka 2016, pale Alexander Quinn, Peter Kohl na wenzao walipotumia panya waliowekewa protini inayong'aa kulingana na umeme, ikiwa ndani ya seli zisizo za misuli peke yake. Walipoangalia ukingo wa kovu, seli zile ziling'aa kwa mpangilio wa mapigo ya moyo. Seli zisizojua kuwaka zilikuwa zinabeba mpigo wa majirani zao, ndani ya moyo mzima.

Msimamo wangu ni huu. Kwamba muunganiko huo upo ukingoni mwa kovu, nimekubali. Kwamba ndio unaosababisha kila pigo la hovyo kwa kila mgonjwa, sikubali, na nawasihi vijana wanaosoma makala za kisayansi kwenye simu wasichukuliwe na vichwa vya habari. Uharibifu wa njia umeonekana katika mioyo ya binadamu yenyewe, kwa umeme uliopimwa. Sehemu ya muunganiko wa moja kwa moja katika ugonjwa wa binadamu ingali inatafutiwa vipimo. Na faibroblasti haziko peke yake: mwaka 2017 watafiti wa Boston walionyesha kwamba makrofaji, seli za kinga, zimeunganishwa na misuli ndani ya kifundo cha kati kwa koneksini 43, na panya walioondolewa makrofaji hizo umeme wao ulikwama pale pale. Orodha ya wanaohusika na umeme wa moyo imefunguliwa, na sidhani kama imekwisha.

Kuna majaribio mawili ya dawa ambayo nikiyaweka pamoja naona somo lote la kovu na umeme limekaa humo. La kwanza ni CAST. Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliona kwamba waliopona shambulio la moyo na kubaki na mapigo ya ziada walikuwa kwenye hatari ya kufa ghafla. Wakawaza, na wazo lilikuwa na mantiki, kwamba mapigo hayo yakinyamazishwa watu watapona. Dawa enkainidi na flekainidi zilikuwa mahiri wa kuyanyamazisha kwa kuziba milango ya sodiamu. Matokeo kamili yalitoka mwaka 1991: kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa walikufa 63, kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26. Mapigo ya ziada yalinyamaza, watu wakafa zaidi.

Ukiuangalia moyo kama misuli mitupu, matokeo hayo yanashangaza. Ukiuangalia kama misuli iliyopitiwa na kovu, yanaeleweka. Dawa inayoziba sodiamu inapunguza mwendo wa umeme, na katika moyo ambao kovu limeshaupunguza, inamsogeza mgonjwa karibu zaidi na mzunguko ule wa Mines. Ndiyo maana leo flekainidi hairuhusiwi kwa mtu mwenye kovu la shambulio la moyo.

La pili ni RALES, la mwaka 1999. Wagonjwa 1,663 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi vibaya waliongezewa spironolaktoni au vidonge vitupu juu ya matibabu yao. Spironolaktoni si dawa ya mapigo. Inazuia homoni ya aldosteroni, ambayo pamoja na kushikilia chumvi mwilini huchochea faibroblasti kujenga kolajeni. Waliopewa vidonge vitupu walikufa asilimia 46, waliopewa spironolaktoni asilimia 35, na vifo vya ghafla navyo vilipungua. Siwezi kusema faida yote ilitoka kwenye kovu. Dawa hii inahifadhi potasiamu pia, na potasiamu ikishuka mapigo yanavurugika. Lakini katika wagonjwa wale wale wa RALES waliopimwa alama za kolajeni kwenye damu, alama zilishuka kwa waliokunywa dawa, na faida kubwa zaidi ilikuwa kwa waliokuwa na alama za juu mwanzoni. Jaribio lililoupiga umeme moja kwa moja liliua. Jaribio lililoyapunguzia makali mazingira ya umeme liliokoa.

Na sasa tuje nyumbani. Abel Makubi na wenzake pale Muhimbili waliwachunguza wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kazi na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Presha ya juu ndiyo iliyokuwa chanzo kwa asilimia 45, magonjwa ya misuli ya moyo asilimia 28, ugonjwa wa moyo wa rumatiki asilimia 12, na mishipa ya moyo kuziba asilimia 9 tu. Ulaya na Marekani mishipa kuziba ndiyo inayoongoza. Tofauti hiyo ina maana kwa kovu lenyewe. Mshipa ukiziba unaacha kovu moja lenye mipaka, ambalo daktari mwenye vifaa anaweza kulitafuta na kuliunguza pembeni. Presha haiachi kovu la namna hiyo. Inatandaza kolajeni nyembamba kila mahali, kuzunguka mishipa midogo na kati ya kila fungu la misuli. Hakuna pa kuelekezea kifaa.

Kwa hiyo kwetu silaha ni kuwahi, na kuwahi kunawezekana. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walichukua vipande vidogo vya misuli ya moyo kutoka kwa wagonjwa 35 wa presha, wakawagawa kwa dawa mbili kwa miezi 6. Kwa waliokunywa lisinoprili, dawa inayozuia angiotensini isitengenezwe, kolajeni ilishuka kutoka asilimia 6.9 hadi 6.3. Ni asilimia 0.6 tu, na jaribio lilikuwa dogo. Lakini ilikuwa ni kushuka, katika kitu ambacho tulizoea kuamini kinapanda tu.

Sitaki mtu aondoke hapa akiamini kila mwenye presha apewe dawa ya kundi hilo peke yake. Jaribio la CREOLE, lililofanyika katika nchi 6 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mchanganyiko wenye amlodipini, dawa inayolegeza mishipa, ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Presha yenyewe ikishuka, ukuta hauvutwi tena kwa nguvu ile, na faibroblasti zinapoteza kichokozi chao kikuu. Na mama mjamzito hapewi lisinoprili wala losartani kabisa, kwa usalama wa mtoto. Uchaguzi wa dawa ni wa daktari. Ninachokililia mimi ni muda.

Maana huku kwetu muda unapotea kwa njia tunayoijua sote. Mtu anapimwa presha inakutwa juu, anajisikia mzima, anaambiwa na jirani, "Dawa ya presha ukishaianza huachi," basi anaikwepa. Au anaianza, kichwa kinapoa, anaiacha. Mboga ni ng'onda yenye chumvi, na chumvi pwani hii haina uhaba. Hakuna anayesikia kolajeni ikijengwa. Haiumi, haikohoi, haivimbi miguu. Miaka kumi baadaye moyo unaanza kuruka mapigo na ndipo familia inapokimbilia Ligula au Mitengo, au Ndanda na Nyangao kwa walio bara. Wanakuja na ugonjwa wa mapigo, na kweli ni wa mapigo, lakini umejengwa zamani na seli ambazo hakuna aliyezifikiria.

Upande wa rumatiki habari inasikitisha zaidi kwa sababu inawahusu watoto. Mtoto anaugua koo, tonsesi zinavimba, bakteria haitibiwi ipasavyo, kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia valvu za moyo. Valvu ya kushoto ikibana, damu inarundikana kwenye chemba ya juu, chemba inavutwa na kupanuka, faibroblasti zinaitikia mvuto, makovu yanatapakaa. Umeme uliozoea kupita kwa mpangilio unavunjika vipandevipande na chemba inabaki kutetemeka. Damu isiyosukumwa inaganda, bonge linaruka kwenda kwenye ubongo, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu anapata kiharusi. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022 likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500, wengi kutoka nchi za aina yetu, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, inalinda maisha kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Lakini wafarini inahitaji damu kupimwa mara kwa mara, na mwenye kuishi ndani kabisa ya Liwale anajua hiyo ni nauli kiasi gani. Penisilini iliyotibu koo ingemaliza mlolongo huo kabla haujaanza, na aliyekwisha kupata homa ya rumatiki sindano yake ya kila wiki tatu au nne isikose.

Lipo pia kovu ambalo majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanalijua sana. Daktari Davies alilieleza Kampala mwaka 1948: utando wa ndani wa chemba za chini unageuka kovu nene, chemba za juu zinapanuka kupita kiasi na kuanza kutetemeka. Katika wilaya ya Inharrime, kusini mwa Msumbiji, Ana Olga Mocumbi na wenzake waliwapima watu 1,063 kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na kuripoti mwaka 2008 kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili zake, wengi bila kujua. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa mpaka leo. Moyo wa Afrika una makovu ambayo vitabu vya Ulaya havikuyaona, na nani atayasoma kama si sisi?

Najua kuna atakayeuliza kama elimu ya koneksini na milivolti ina faida katika zahanati yenye mashine moja ya presha. Namjibu kwa kumwelekeza kwenye hospitali zenye kila kitu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya DECAAF II, ambapo makovu ya chemba za juu yalipigwa picha kwa mashine ya sumaku na kisha yakaunguzwa moja moja, kwa matumaini kwamba mapigo yatatulia zaidi. Hayakutulia zaidi kuliko kwa matibabu ya kawaida. Mwaka huo huo watafiti wa Philadelphia waliweza kuzielekeza seli za kinga za panya zishambulie faibroblasti zilizochachamaa, na moyo wa panya ukapata nafuu. Kazi ya ajabu, nayo iko mbali na mgonjwa. Kovu likishakomaa, hata tajiri anahangaika nalo. Basi mahali pasipo na mashine ya sumaku wala maabara ya umeme wa moyo ndipo ambapo dawa iliyoanzwa mapema ina thamani kubwa kuliko popote.

Nina ombi moja la kiutaratibu kwa wanaosimamia afya katika mikoa hii miwili. Fedha ya mkulima wa hapa inakuja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Ikiisha, nauli ya kufuata vidonge kila mwezi inaisha nayo, na hapo ndipo wengi wanapokatisha dawa. Mwenye presha iliyokwisha kutulia apewe dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na siku ya kuzifuata ipangwe akiwa na uwezo wa kufika. Kwa wanaotumia dawa za VVU utaratibu wa kupewa dawa za miezi kadhaa upo tayari, kwenye vituo vile vile na kwa wahudumu wale wale.